Phuket mwezi wa Septemba: tuende, au tungoje Januari?

Msomaji wa Mombasa anauliza. Yeye na mkewe wana likizo ya siku nane kuanzia katikati ya Septemba. Wakala amewapa hoteli ya Patong, kisiwani Phuket nchini Thailand, kwa nusu ya bei ya Januari, na ndani yake kuna safari ya boti ya kwenda visiwa vya Phi Phi na ghuba ya Maya iliyoko huko. Jirani aliyewahi kufika huko anawaambia Septemba hunyesha kutwa kucha. Mkewe hajui kuogelea, na wote wawili hula halali tu. Je, waende? Na wakienda, wakae wapi?

Ndugu yangu, nendeni, lakini msiende kwa mpango huo wa wakala. Ghuba ya Maya hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Agosti hadi 30 Septemba ili matumbawe na papa wadogo wa pale wapate kupumzika. Boti zitakupitisha karibu, utaona majabali kwa mbali, basi. Aliyekuuzia ghuba hiyo kwa Septemba ama hajui kazi yake ama anajua akanyamaza. Visiwa vya Similan navyo hufungwa tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba. Kama hizo ndizo picha zilizowatia hamu ya safari, basi ngojeni Desemba hadi Machi na mlipe bei yake. Kama mwataka mji, chakula, masoko, mahekalu, kijani kibichi na bahari ya kuingia kwa kuchagua siku, Septemba yafaa, na kwa bei hiyo yafaa sana.

Wewe ni mtu wa pwani, kwa hiyo sababu ya hali hii hutapata taabu kuielewa. Kusi ivumayo kwenu haiishii kwenu. Ikivuka ikweta hupinda kuelekea mashariki, hupita Bahari ya Arabu na Bara Hindi, ikafika Bahari ya Andaman ikiwa imekuwa upepo wa kusini-magharibi uliojaa maji. Phuket iko kwenye bahari hiyo, na fukwe zake zote mashuhuri, yaani Bang Tao, Surin, Kamala, Patong, Karon, Kata na Nai Harn, zimekabili magharibi. Tangu Mei hadi Oktoba hupigwa uso kwa uso. Kaskazi ikianza kwenu, huko nako upepo hugeuka, hutoka upande wa bara, na maji ya magharibi hutulia.

Kuhusu mvua yenyewe, jirani yako hakusema uongo, ila amechanganya mambo mawili. Septemba Phuket hupata kati ya milimita 350 na 400. Dar es Salaam kwa mwaka mzima hupata kama 1,100. Ni mvua nyingi. Lakini siku ya kawaida huwa na jua au mawingu asubuhi, kisha mpigo mmoja au miwili ya nguvu mchana au usiku, dakika arobaini au saa moja na nusu, halafu hukatika na barabara huanza kutoa mvuke. Joto hubaki nyuzi 24 hadi 32. Hali ya pili ni pale upepo wa msimu unapoongezeka nguvu: hapo mawingu hushuka na dhoruba fupi fupi hupishana siku tatu hadi tano mfululizo. Hizo ndizo siku alizokutana nazo jirani yako. Katika siku nane za Septemba, panga ukijua kwamba huenda ukapata kipindi kimoja cha namna hiyo. Alama ya mvua kwenye simu haitakusaidia, maana itaonyesha mvua kila siku mwezi mzima. Tazama badala yake kasi ya upepo na urefu wa mawimbi, kisha picha ya rada ya Idara ya Hali ya Hewa ya Thailand. Wingu zito likiwa baharini magharibi ya kisiwa na linasogea, una muda wa kumaliza chai yako na kuingia ndani.

Bahari ndiyo yenye kuua, na hapa nitakaa kidogo.

Mawimbi yakipiga ufuo wa magharibi, maji yaliyorundikana ufuoni lazima yarudi. Hurudi kwa kupitia mkondo mwembamba unaokata katikati ya mawimbi na kutoka nje kwa kasi. Mgeni hutazama bahari, anaona mahali pamoja ambapo mawimbi hayavunjiki, maji ni meusi kidogo na yanaonekana yametulia, anaingia hapo hapo. Pale palipotulia ndipo penye mkondo. Akishavutwa huanza kuogelea kurudi ufuoni moja kwa moja, nguvu humwisha, anazama. Kila msimu wa mvua watu hufa hivi, hasa Karon, Kata, Surin na Patong, na wengi wao wanajua kuogelea. Ukivutwa, usishindane nao: elea, inua mkono, kisha ogelea sambamba na ufuo hadi utoke kwenye mkondo, ndipo urudi. Bendera nyekundu maana yake hakuna kuingia, hata magotini. Nyekundu na njano pamoja huonyesha eneo linalolindwa na waokoaji. Ufuo usio na bendera wala mlinzi uhesabu kuwa ni mwekundu, na baada ya jioni kuingia waokoaji hawapo.

Kwa mkeo asiyejua kuogelea, fukwe za magharibi mwezi huo ni za kutembea mchangani na kutazama. Akitaka kuingia majini, mpeleke Ao Yon, upande wa rasi ya Panwa kusini-mashariki, ambako kisiwa chenyewe huzuia upepo na maji hutulia karibu mwaka mzima. Nendeni maji yakijaa. Yakipwa hubaki tope na mawe. Jambo jingine la msimu ni konyeza wenye umbo la sanduku, ambao sumu yao yaweza kuua. Fukwe kadhaa zina nguzo zenye chupa za siki. Mtu akichomwa, mtoeni majini, mmwagieni siki nyingi kwa nusu dakika au zaidi, msimsugue wala kumwagia maji baridi ya bomba, na mpelekeni hospitali.

Safari za boti hazisimami msimu mzima, bali huchagua siku. Ghuba ya Phang Nga, mashariki ya kisiwa, imekingwa, na siku nyingi za Septemba boti kubwa huenda bila shida. Kutoka gati la Bang Rong, boti ya mwendo kasi hufika Koh Yao Noi kwa kama nusu saa. Wakazi wengi wa kisiwa hicho ni Waislamu, hakuna fujo za ulevi, na chakula chenu hamtakitafuta. Kwangu mimi hii ndiyo safari ya siku inayofaa kuchukua nafasi ya Phi Phi mwezi huo. Kama bado mwataka Phi Phi, pandeni feri kubwa ya gati la Rassada, mwendo wa kama saa mbili, wala msipande boti ya mwendo kasi: kwenye mawimbi ya mita moja na nusu hupigapiga hadi mgongo ukaumia, na wanaokaa mbele ndio huumia zaidi.

Kanuni ya kukadiria ni hii. Mawimbi chini ya mita moja, nenda. Kati ya moja na mbili, feri kubwa peke yake. Idara ya hali ya hewa ikitangaza mita mbili hadi tatu na kuzitaka boti ndogo zisitoke, usitoke hata kama mwenye boti anakuapia kwamba hakuna neno. Tarehe 5 Julai 2018 boti ya watalii iitwayo Phoenix ilizama karibu na Phuket katika tufani, siku ambayo tahadhari ilikuwa imekwisha kutolewa, na watu 47 walikufa. Kwa hiyo msilipie safari ya boti kutoka Mombasa. Lipieni mkiwa huko, jioni ya kuamkia safari, na muulize maswali manne kabla ya kutoa pesa: boti ni ya aina gani na hubeba watu wangapi, ni nani anayeamua kughairi, ikighairiwa mnarudishiwa pesa au mnabadilishiwa siku tu, na je, kila abiria ana jaketi la kuokolea linalomtosha? Jibu la kusitasita lihesabu kuwa ni hapana.

Sasa makao. Kaeni Mji wa Phuket, si Patong. Mji uko kusini-mashariki, umekingwa na vilima, na sehemu yake kongwe imejengwa kana kwamba waliijengea mvua. Wafanyabiashara wa Kichina waliotajirika kwa madini ya bati walijenga nyumba za maduka zenye kipito cha mbele kilichofunikwa na ghorofa ya juu, nyumba hadi nyumba. Kwenye barabara za Thalang, Dibuk, Krabi na Phang Nga mnaweza kutembea mvua ikimwagika, mkalowa mnapovuka tu. Angalieni hatua lakini: wenye maduka wengine wameziba kipito, na vigae vya zamani vikilowa huteleza vibaya mno kwa ndara zilizoliwa soli.

Hoteli ndogo nzuri mjini hupatikana kwa baht 800 hadi 1,500 kwa usiku msimu huo. Kwa hesabu ya haraka baht moja ni karibu shilingi nne za Kenya. Lipieni usiku mbili tatu za mwanzo, zilizobaki mzungumze mkiwa hapo, maana vyumba vipo na bei huteremka. Ila zipo kasoro za msimu ambazo picha hazionyeshi. Vyumba vya bei ya chini visivyo na dirisha hunuka ukungu. Ombeni chenye dirisha, na si cha chini kabisa. Hoteli nyingi hufanya ukarabati wakati wageni ni wachache, kwa hiyo ulizeni waziwazi kama kuna ujenzi ndani au jirani, na kama bwawa na mgahawa vinafanya kazi. Someni maoni ya wageni wa Agosti na Septemba ya mwaka uliopita, yale ya Januari yaacheni. Na hata bei ikiwa ya kutupa, msichukue nyumba iliyobandikwa kwenye mteremko mkali juu ya Kata au Karon. Agosti 2024 mvua kubwa iliporomosha udongo eneo la Karon, ikaua watu 13.

Mji nao hufurika kidogo katika sehemu za chini, hasa karibu na mfereji wa Bang Yai, mvua kubwa ikikutana na bamvua. Kwa kawaida maji hushuka baada ya saa chache. Msiyakanyage: mifuniko ya mitaro huwa imeinuka msiione, na mkojo wa panya huleta homa ya leptospirosisi kupitia kidonda kidogo cha mguuni. Kaeni mlipo, agizeni chakula kingine.

Na chakula ndicho sababu ya kutosha ya kwenda. Mwaka 2015 UNESCO iliitangaza Phuket kuwa mji wa ubunifu wa mapishi. Kwa mla halali, tahadhari ni kwamba vyakula maarufu vya Wachina wa mji, kama moo hong na tambi za Hokkien, ama ni nguruwe ama vina nguruwe. Mwelekee mwisho wa mashariki wa barabara ya Thalang, kwenye maduka ya Waislamu, asubuhi: roti inayochapwa mbele yenu na bakuli la mchuzi wa nazi, kuku au nyama, chai ya maziwa pembeni. Mchana tafuteni khao mok kai, wali wa manjano na kuku. Mkila mtajua ni binamu wa biriani. Migahawa ya Waislamu huweka nembo ya halali mlangoni, na bidhaa nyingi za madukani huchapwa nembo hiyo kwenye pakiti. Kamala na Bang Tao nako kuna jamii kubwa za Waislamu na misikiti yao. Septemba bado kuna matunda ya msimu: shokishoki tele, mangostini, langsati na duriani. Duriani kuleni barabarani. Hoteli hukataza kuingia nalo, na baadhi hutoza faini.

Mkibahatika kukuta mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, ambao mara nyingi huangukia Agosti au Septemba, mtaona sherehe ya Por Tor ya kuwalisha mizimu, pamoja na mikate mekundu yenye umbo la kobe. Sikukuu ya wasiokula nyama, ile ya watu kujitoboa mashavu kwa vyuma, huanza siku ya kwanza ya mwezi wa tisa wa kalenda hiyo na huchukua siku tisa. Kwa kawaida huwa Oktoba, wakati mwingine mwishoni mwa Septemba, na siku hizo vyumba vya mjini hujaa na bei hupanda. Angalieni tarehe kabla ya kununua tiketi. Kwa siku za mvua isiyokatika kuna makumbusho ya Thai Hua, iliyokuwa shule ya Kichina, na nyumba ya Chinpracha, zote barabara ya Krabi, kisha maduka makubwa ya Central yenye ubaridi na hodhi la samaki. Jumapili jioni barabara ya Thalang hufungwa kwa magari ikawa soko, tangu kama saa kumi hadi saa nne usiku. Mvua ikinyesha wachuuzi hufunika bidhaa, husubiri, hufunua.

Usafiri: uwanja wa ndege uko kaskazini, kama kilomita 32 kutoka mjini. Basi la rangi ya chungwa hufika kituo cha mabasi cha zamani mjini kwa baht 100, na huchukua zaidi ya saa moja. Bolt na Grab zote zinafanya kazi, kwa hiyo programu mliyonayo kwenye simu yatosha, ila mvua ikianza bei hupanda na madereva hughairi; subirini dakika ishirini. Kutoka soko la barabara ya Ranong kuna songthaew za bluu, magari yenye mabenchi mawili nyuma, ziendazo fukweni kwa bei ndogo. Hukoma kabla ya jua kuzama, hivyo msije mkakwama Kata usiku mkitegemea hizo.

Pikipiki siwashauri kabisa mwezi huo, ijapokuwa huko pia huendeshwa kushoto kama kwetu. Dakika kumi za kwanza za mvua ndizo mbaya zaidi, kwa sababu mafuta na vumbi vya lami huinuka na maji kabla hayajaoshwa. Barabara ya kilima kati ya mji na Patong ni kali na yenye kona, na Oktoba 2022 sehemu yake iliporomoka. Tena bima ya safari haitalipa kama huna leseni ya pikipiki na kibali cha kimataifa chenye daraja la pikipiki. Na asiwepo wa kuchukua pasipoti yako kama dhamana.

Mizigo iwe myepesi. Nguo za kukauka haraka, viatu vya mpira vyenye meno, na mfuko usiopitisha maji wa lita 10 kwa simu na pasipoti. Mwavuli nunueni huko. Nguo za pamba nzito hazitakauka chumbani. Mitaani kuna mashine za kufulia na kukausha kwa sarafu. Simu ikilowa msiichaji hadi ikauke kabisa. Soketi za Thailand hazipokei plagi yetu ya miguu mitatu mikubwa, kwa hiyo chukueni adapta ya miguu miwili.

Mbu wa msimu ni wa kuambukiza homa ya denge, na huuma mchana. Dawa ya kupaka ipakwe asubuhi, si magharibi tu. Mkipata homa, tumieni paracetamol, wala si aspirini wala ibuprofen, ambazo huzidisha hatari ya kuvuja damu. Homa ikija ndani ya wiki mbili baada ya kurudi, mwambieni daktari mlikotoka, asije akapima malaria peke yake.

Mwisho, karatasi, ambazo ndizo huwakwamisha Waafrika Mashariki zaidi kuliko mvua. Viza huombwa mtandaoni kwenye tovuti ya e-Visa ya serikali ya Thailand. Anzeni angalau mwezi mmoja kabla. Kadi ya kidijitali ya kuwasili hujazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika, bure, kwa hiyo tovuti inayodai malipo si yake. Cheti cha homa ya manjano ni lazima kwa watokao Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, na chanjo iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kuwasili. Mkishuka, msikimbilie foleni ya uhamiaji: tafuteni kwanza dawati la udhibiti wa afya, wakague kadi ya njano na kuwapigia muhuri. Anayeruka hatua hiyo hupanga foleni nzima, kisha hurudishwa nyuma kuanza upya. Na mkiweza, chagueni ndege ya kupitia Doha au Dubai inayotua Phuket moja kwa moja. Mkipitia Bangkok kwa tiketi mbili tofauti, acheni nafasi ya saa tano au zaidi, na hakikisheni ndege ya pili inaondoka uwanja wa Suvarnabhumi, si ule wa Don Mueang ulio upande wa pili wa jiji.